Je, Tupokee Kuku wa Mjane?



Safari moja tulipanda milima ya Uluguru, upande wa Kinole, baada ya mvua za masika kuharibu mashamba. Tulichukua magunia ya mahindi, nguo na sabuni zilizokusanywa na akina mama wa Umoja. Gari likaishia njiani kwa utelezi, nasi tukabeba mizigo vichwani. Nyumba ya mwisho ilikuwa ya bibi mmoja mjane. Hakuwa hata wa dhehebu letu. Alipokea mahindi, akashukuru, kisha akaingia ndani, akatoka na mkungu wa ndizi na kuku aliyefungwa miguu.

Kiongozi wetu akasema, "Hapana, bibi. Sisi tumekuja kutoa, hatukuja kuchukua." Bibi akamtazama. "Mwanangu, mimi nimepokea chako. Changu kina nini?" Hatukuwa na jibu. Tuliteremka mikono mitupu, na njia nzima hadi Morogoro mjini tulibishana.

Wako waliosema kiongozi alifanya haki, kwa maana kuku yule labda ndiye aliyekuwa akiba yake yote, na ni dhambi kumla. Wengine tulisema amemwaibisha mama mtu mzima mlangoni pake. Tangu siku ile swali hili halijatutoka.

Tukifungua Biblia tunakuta Eliya kule Sarepta akimwomba mjane mkate wa kwanza kutoka unga wake wa mwisho. Tena Bwana wetu alimwona mjane akitia senti zake mbili hekaluni wala hakumzuia. Haya yangetosha kututuliza, ila katika Injili ya Marko, sura ya 12, maneno yaliyotangulia kisa hicho yanawalaani waandishi wanaokula nyumba za wajane. Mambo haya mawili yamewekwa bega kwa bega. Basi kupokea kwaweza kuwa heshima, na kwaweza kuwa unyang'anyi, na kuku ni yule yule.

Sisi twaona tofauti imo katika anayepokea. Eliya alikaa, akala pamoja na mjane na mwanawe, akawa mtu wa nyumba ile. Waandishi walikula wakaenda zao. Ajabu ni kwamba sisi, tuliokataa kuku kwa wema, tulikwenda zetu vile vile.

Wamisionari wa kwanza tumezoea kuwakumbuka kama watoaji tu: waliotuletea Neno, shule na dawa. Ni kweli, na tunashukuru. Lakini J. T. Last wa CMS, aliyekaa Mamboya, alichapisha sarufi ya Kikaguru mwaka 1886. Maneno yale aliyapata wapi, kama si vinywani mwa Wakaguru? Walimpa lugha yao bure, na bila hiyo angemhubiri nani?

Mwaka 1971 Mchungaji John Gatu, wa Kanisa la Presbyterian la Afrika Mashariki, alisema wamisionari na fedha za kutoka ng'ambo zisimame kwa muda, ili makanisa ya Afrika yajifunze kusimama. Mwaka 1974 mkutano wa makanisa ya Afrika yote huko Lusaka ulilichukua wazo hilo. Wengi walikasirika, wakadhani ni ukosefu wa shukrani. Sisi hatukubaliani naye katika yote, maana hospitali haiendeshwi kwa maneno. Lakini alikuwa ameuona ugonjwa: anayepokea siku zote bila kutoa huishia kujiona hana kitu. Na sisi wa mjini, tuliokuwa tukilalamikia wageni, tulipofika Kinole tukajifanya wageni wale wale.

Tena, milima ile haijawahi kuwa maskini wa kutoa. Mto Ruvu unaanzia Uluguru, na maji yake hunywewa mpaka Dar es Salaam. Akina mama wa Kiluguru huteremka na ndizi na mboga vichwani, sisi tukanunua sokoni na kuomba tupunguziwe bei. Hapo hatuwaonei huruma!

Safari ya pili kiongozi wetu alikwenda kwa bibi kabla ya kufungua mzigo wowote, akapiga magoti na kumwamkia, akaomba maji ya kunywa. Tukaletewa maji, kisha ndizi za kupikwa, tukala. Wakati wa kuagana kuku akatolewa tena. Tukampokea kwa mikono miwili.

Jumapili aliuzwa mnadani baada ya ibada. Mzee mmoja wa kanisa akashauri fedha zile zirudishwe Kinole kwa mwenyewe. Mama mmoja wa Umoja akasimama. "Mkazirudishe," akasema, "naye akiuliza kuku wake alikuwa na kasoro gani, mtamjibu ninyi." Fedha zikaingia katika sadaka, pamoja na za watu wengine wote.