Sadaka ya Nani?

Babu yangu aliweka wakfu minazi arubaini na miwili kwa mafuta ya taa za msikiti. Umeme ukaja, taa zikatupwa, wakfu haukutanguka: hadi leo mkwezi akiangua, nazi huhesabiwa mbele ya mtawali, msimamizi wa wakfu. Utotoni niliwasikia ami zangu wakinong'ona kwamba mzee kajinunulia pepo kwa hisa zao. Mnong'ono ule ulinirudia niliposoma habari za Sir Richard Acland.

Mwingereza huyu alikuwa baroneti wa kumi na tano katika ukoo wake. Ubaroneti ni cheo cha kurithi: baba akifa, "Sir" humwendea mwanawe wa kwanza wa kiume, na kwa akina Acland ardhi ilifuata cheo. Mwaka 1939 alirithi Killerton, huko Devon, na Holnicote, huko Somerset: vijiji, misitu na nyika ya Exmoor. Lakini alikuwa Mkristo mjamaa, tena mbunge, aliyeamini kwamba ardhi haifai kumilikiwa na mtu binafsi. Mwaka 1944, hajatimiza miaka 40, zaidi ya ekari 16,000 zikatoka mikononi mwake zikaenda National Trust. Shirika hilo liliundwa mwaka 1895, na tangu 1907 sheria inaliruhusu kutangaza kwamba ardhi yake fulani haiuzwi kamwe. Kwa lugha ya kwetu, wakfu.

Mwanawe wa kwanza, John, alikuwa mtoto wa miaka minne mitano. Je, alidhulumiwa? Fakihi angejibu upesi: mtu akiwa hai na mwenye afya, mali ni yake, atoe atakavyo. Jibu ni sahihi, ila mimi linanipita pembeni.

Kinachonisumbua ni ukubwa wa sadaka yenyewe. Lau akina Acland wangerithishana kwa faraidhi, kila mtoto na fungu lake, wa kike naye na nusu yake, baada ya vizazi vitatu Killerton ingekuwa vipande vipande kama mashamba yetu, huyu ana minazi sita, yule ana shina la mwembe na kesi mahakamani. Ardhi ilibaki nzima kwa sababu ndugu wadogo na dada walipitwa, kizazi baada ya kizazi. Wakulima wapangaji nao walilipa kodi miaka yote hiyo. Kwa kodi kama hizo baroneti wa kumi alijenga upya vijumba vya Selworthy mwaka 1828, ili wazee waliotumikia shamba wapate pa kupumzikia. Wema, sikatai. Ila mzee aliyelima miaka hamsini akipewa kijumba, hapo nani kampa nani? Na baada ya 1944 mpangaji aliendelea kulipa. Aliyebadilika ni mpokeaji.

Sir Richard alikuwa na mdogo wake, Cuthbert, mmoja wa waliopitwa. Huyo aliajiriwa na National Trust hiyo hiyo, akasimamia ardhi ya shirika hilo huko Lake District, na bustani aliyoipanda Stagshaw ingalipo.

Kati ya ami zangu wale, mmoja tu yu hai. Ndiye mtawali. Mwezi uliopita nilichukua nazi mbili zilizoanguka zenyewe, akanidai bei yake, akaiandika daftarini.