Amani ya Nyumba na Haki ya Mke

Wako waungwana wasemao kwamba mambo ya mume na mke hayampasi mtu wa nje, sembuse mwanafunzi wa chuo kikuu ambaye hajaoa wala kuolewa. Siri ya mtungi, husema, aijuaye ni kata. Neno hili si la kipuuzi, nasi hatulipiti kwa dharau. Lakini twauliza: kata yenyewe ikivunjwa, nani atatoa habari?

Katika uchunguzi wa afya uliofanyika Tanzania nzima mwaka 2015 na 2016, wanawake 40 katika kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walisema wamepata kupigwa au kuumizwa mwilini tangu walipotimiza miaka 15. Jambo lililoenea kiasi hicho haliwezi kuitwa siri ya nyumba moja.

Vyuo vya sheria vina desturi njema ya kuwaweka wanafunzi, chini ya walimu wao, wawapokee wasio na fedha ya wakili. Huduma hiyo huitwa kliniki, jina lililoazimwa kwa waganga. Kitivo cha Sheria cha Dar es Salaam, kilichofunguliwa mwaka 1961, ni miongoni mwa waliotangulia katika msaada wa namna hii. Nayo sheria ya mwaka 2017 iliwatambua wasaidizi wa kisheria, watu wa mtaani na kijijini waliofundishwa kazi hiyo. Mwanafunzi akiketi nao, na akina mama wa vikundi, na wazee, hapo ndipo elimu yake hupata miguu. (Kijana aliyesoma sheria zake kwa Kiingereza hutokwa jasho mara ya kwanza anapotakiwa kuzieleza kwa bibi wa kijijini, jasho hilo lamfaa.)

Tutaje jambo moja ambalo ujinga wake umeumiza wengi. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 66, yasema wazi kwamba hakuna aliye na haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kipigo, hata mila ikisema vingine. Sheria hiyo hiyo yataka shauri la ndoa lipitie kwanza baraza la usuluhishi, isipokuwa kwa sababu chache zilizotajwa, kabla ya kuomba talaka mahakamani. Basi watu wamechanganya mambo mawili. Mke aliyevunjwa mkono huambiwa, "Nenda kwanza barazani," kana kwamba polisi hawaruhusiwi kumsikiliza mpaka wazee wamalize. Si kweli. Baraza ni njia ya kuendea talaka. Kipigo ni kosa la jinai, na siku hiyo hiyo aweza kwenda kwenye dawati la jinsia na kupewa fomu ya PF3, ambamo daktari huandika majeraha aliyoyaona. Sisi tulio na mabaraza ya ndoa katika dini zetu yatupasa kulifahamu hili kabla ya wengine, maana neno "vumilia" hutoka vinywani mwetu kwa wepesi mno.

Lakini liko swali gumu zaidi. Mke mwenyewe asemapo, "Sitaki afungwe, ndiye alipaye ada ya watoto, nataka tu aache," mwanafunzi afanye nini? Mwenye bidii atamsukuma mahakamani kwa sababu ushahidi ni mzuri. Huyo, kwa maoni yetu, amemfanya mtu kuwa kitabu cha mazoezi. Mwingine atamrudisha nyumbani na karatasi ya mapatano yenye sahihi nne, akidhani ameleta amani. Huyo amekosa zaidi, kwa kuwa aliyetia sahihi kwa hofu hakupatana na mtu.

Twaona yafaa kwanza aulizwe peke yake, mume na wakwe wasiwepo, alale wapi usiku wa leo, na nani atawalisha watoto mwezi ujao. Maswali hayo mwanafunzi hayajibu. Hujibiwa na jirani mwenye chumba, na kikundi chenye akiba, na mjumbe asiyemwogopa mume. Ndiyo maana chuo kikienda peke yake hurudi na faili tu.