Kitambo cha Nani?
Macintosh ilipotoka mwaka 1984, kioo chake kilikuwa na vidoti 512 kwa 342 tu. Ndiyo maana Susan Kare aliichorea fonti ya Chicago kidoti kwa kidoti. Ilikuwa lazima, si pambo. Leo sisi wachora mabango tunabandika herufi hizo za ngazi-ngazi ili shoo ionekane ya kitambo. Kitambo cha nani? Hapa Werugha kuna kina mama wauza kabichi ambao meseji ya M-Pesa huwafikia kwenye kabambe kwa herufi za namna hiyo hiyo, asubuhi hii. Mimi nazipenda, na kwenye bango la gemu nitaziweka bila wasiwasi. Ila kuyaita maisha ya jirani “zamani” naye bado anayaishi, aah, huko ni kumzika mzima. Yeye herufi wala hazimshughulishi, anahesabu sifuri.