Hatamu Ikilegezwa

Sijapata kupanda farasi hata siku moja, lakini uzeeni nimesoma sana habari za wanaowafundisha. Mafunzo yao huitwa dresaji. Wengi hudhani ni maonyesho ya matajiri tu. La hasha! Shabaha yake ya msingi ni kumwezesha farasi yeyote kumbeba binadamu bila kuumia.

Farasi akisimama, miguu ya mbele hubeba yapata asilimia 60 ya uzito wake. Mpandaji naye huongeza mzigo huko huko. Tena kila farasi ana upande mwepesi na upande mgumu, kama sisi na mikono yetu. Mwalimu mwema humzungusha kwenye miduara, kulia na kushoto, na taratibu humzoeza kuingiza miguu ya nyuma chini ya mwili ili nayo ibebe. Mfaransa François Robichon de la Guérinière, katika kitabu chake cha mwaka 1733, alieleza zoezi la kumwendesha farasi kandokando ya ukuta, mabega yakielekezwa ndani. Hadi leo hutumika kulainisha viungo. Kazi hiyo huchukua miaka.

Ipo njia ya mkato: kuvuta hatamu kwa nguvu hadi shingo ijipinde. Watazamaji watasifu umbo lile, kumbe mgongo umekakamaa na kinywa kinauma. Xenophon wa Ugiriki alikwisha kuonya, zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, kwamba farasi anayelazimishwa haelewi atendalo, wala hapendezi kuliko mcheza ngoma anayechezeshwa kwa viboko.

Onyo hilo lilinichoma. Nilipokuwa mkuu wa chuo cha ualimu, nilijivunia ukimya wa bwalo kila nilipoingia. Mwanachuo mmoja mwenye kigugumizi nilimsimamisha kila Jumatatu asome mbele ya wenzake, nikidhani namkomaza. Alisoma, kwa kuwa aliniogopa. Kisha akaacha ualimu. Shingo niliiona imejipinda, mgongo sikuutazama.

Je, ndugu msomaji, kila atiiye amefundishika? Wapandaji wana kipimo chao. Katikati ya zoezi hulegeza hatamu. Farasi aliyefundishwa vema hunyoosha shingo mbele na chini, akaendelea kwa mwendo ule ule, bila kukimbia wala kuyumba. Aliyeshikiliwa kwa nguvu tu hujulikana hapo hapo.

Miaka yote ile, mimi sikuthubutu kuilegeza.