Aya Iliyosomwa Al Bayt

Tarehe 20 Novemba 2022, katika ufunguzi wa Kombe la Dunia, uwanja wa Al Bayt mjini Al Khor, Qatar, kijana Ghanim Al Muftah, aliyezaliwa bila sehemu ya chini ya uti wa mgongo, aliketi mbele ya mwigizaji Morgan Freeman akasoma Kurani. Aliyoisoma ni aya ya 13 ya sura Al-Hujurat: kwamba Mwenyezi Mungu ametuumba kwa mwanamume na mwanamke, akatufanya mataifa na makabila ili tujuane, na kwamba mbora wetu mbele Yake ni yule amchaye zaidi. Nimeisomesha aya hiyo kwa miaka mingi katika somo la dini, shule za sekondari hapa Mombasa. Kombe la Dunia lilikuwa halijawahi kuchezwa katika nchi ya Kiarabu. Nimeyaona mengi yakifunguliwa kwa ngoma na fataki, ila hili lilifunguliwa kwa maneno ninayosimama nayo katika sala. Barazani kwetu Mji wa Kale wazee walitokwa na machozi, na mimi nikiwa mmoja wao.

Naandika basi kama mtu aliyefurahi. Wengi walioandika juu ya Qatar waliichukia tangu mwanzo, tangu siku FIFA ilipoipa nchi hiyo mashindano, tarehe 2 Desemba 2010. Mimi niliipenda fahari ile, na naona aliyefurahi ana deni ambalo aliyechukia hana. Aya ikishasomwa hadharani, mbele ya dunia nzima, inamdai mwenyeji, na inatudai sisi tulioitikia.

Wakati ule mpwa wangu alikuwa mlinzi mjini Doha. Alikwenda kupitia wakala mmoja wa hapa mjini, na ada ya wakala ilitoka kwenye bangili za dhahabu za mama yake, dada yangu. Alilala chumba kimoja na wenzake kadhaa, vitanda vya juu na chini, na zamu yake ilikuwa saa kumi na mbili kwa siku. Alikuwa akinitumia ujumbe wa sauti usiku baada ya kazi. Katika mmoja alinieleza kwamba mwenzake waliyesimama naye lango moja, kazi moja, analipwa zaidi kwa kuwa ametoka nchi nyingine. "Mjomba," alisema, "huku bei ya mtu iko kwenye pasi yake." Hakuwa amesoma ripoti ya Umoja wa Mataifa. Ila Tendayi Achiume, aliyekuwa mtaalamu wa umoja huo kuhusu ubaguzi wa rangi, alikwenda Qatar mwishoni mwa 2019 na katika ripoti yake akasema jambo lilo hilo: kwamba uraia wa mtu ndio unaompangia mshahara, nyumba na namna anavyotendewa, kana kwamba watu wamegawanywa matabaka. Ukiiweka ripoti hiyo kando ya aya ya Al Bayt huhitaji mfasiri.

Haki inataka niseme pia kwamba Qatar ilibadilisha sheria. Mwaka 2020 iliondoa sharti la mfanyakazi kupata kibali cha mwajiri ndipo ahame kazi, na tangu Machi 2021 kima cha chini cha mshahara kikawa riyali 1,000 kwa mwezi, pamoja na posho za chakula na malazi kwa asiyepewa hivyo na mwajiri. Ni hatua kubwa kwa nchi za Ghuba. Mpwa wangu alizikuta sheria hizo zimeshaandikwa, na bado akasubiri mshahara wake kwa miezi.

Halafu kuna waliokufa. Gazeti la Guardian liliandika Februari 2021 kwamba wafanyakazi zaidi ya 6,500 kutoka nchi tano za Asia Kusini walifariki Qatar katika miaka kumi tangu nchi ipewe mashindano. Hiyo ni jumla ya vifo vya kila aina na kila kazi, si vya viwanjani tu, na waliolitaja gazeti bila kusema hivyo walikosea. Lakini Wakenya hawakuhesabiwa kabisa katika idadi ile. Novemba 2022 katibu mkuu wa kamati ya maandalizi, Hassan Al-Thawadi, alisema katika mahojiano kuwa waliokufa katika kazi zinazohusiana na mashindano ni kati ya 400 na 500. Kati ya 400 na 500 kuna watu mia moja. Kila mmoja ana mama aliyemtaja jina siku ya akika au ya ubatizo, au kwa ada ya dini yake, na dola tajiri kama ile haikuweza kusema kama yuko ndani ya hesabu au nje yake.

Mashindano yakiendelea alifariki mfanyakazi kutoka Ufilipino. Mkuu wa mashindano, Nasser Al Khater, alipoulizwa na waandishi alijibu kwamba kifo ni sehemu ya maisha, kikukute kazini au usingizini. Maneno hayo yalinichoma kwa sababu ni yetu. Matangani tunasema kazi ya Mungu haina makosa, na tunaamini. Lakini huyasemi mbele ya aliyefungua mlango wa hatari, ili apate kwenda zake. Khalifa Umar alipokaribia Sham akasikia kuna tauni, aliamua kuwarudisha watu. Jemadari wake Abu Ubaida akamuuliza, je, anaikimbia kadari ya Mungu? Umar akajibu kwamba anaiacha kadari moja ya Mungu kuiendea nyingine. Kiongozi yule aliuona uhai wa watu kuwa amana mkononi mwake, na imani yake katika kadari haikumpunguzia amana hiyo hata kidogo. Vyeti vingi vya wafanyakazi waliofia Qatar viliandikwa kifo cha kawaida, moyo umesimama, bila maiti kuchunguzwa. Kuandika hivyo juu ya kijana aliyefanya kazi katika joto la Ghuba ni kumbebesha Mungu hesabu ya mwajiri.

Siku mbili tu baada ya maneno yale ya Al Khater, alfajiri ya tarehe 10 Desemba, saa chache baada ya Argentina kuitoa Uholanzi kwa penalti, mlinzi wa Kikenya mwenye miaka 24 alianguka akiwa kazini katika uwanja wa Lusail. Alifariki hospitali tarehe 13. Usiku wa siku hiyo hiyo Argentina iliifunga Croatia mabao matatu kwa bila katika nusu fainali, uwanja uo huo wa Lusail. Familia yake ilisema mbele ya vyombo vya habari kwamba inataka kujua alivyoanguka.

Na jioni ya tarehe 10 hiyo Morocco iliitoa Ureno. Saa za Doha ndizo saa zetu, mpira ulianza saa kumi na mbili, na magharibi ikaingia katikati ya kipindi cha kwanza. Tulisali kwa zamu, kundi kwa kundi. En-Nesyri wa Morocco aliporuka dakika ya 42 akaupiga mpira kwa kichwa, nusu ya baraza ilikuwa bado msikitini, na nadhani ile kelele iliwafikia. Ilikuwa mara ya kwanza kwa timu ya Afrika kuingia nusu fainali. Mpira ulipokwisha, mwenzake Boufal alicheza ngoma uwanjani na mama yake aliyevaa hijabu. Siku hiyo moja imebeba mambo haya mawili, na siwezi kulitupa moja ili nilishike jingine.

Je, mtazamaji anashiriki dhulma kwa kutazama? Wanafunzi wangu waliniuliza, na mtoto akiuliza hivi hufai kumjibu kwa haraka. Katika hadithi iliyopokewa na Abu Dawud Mtume anafundisha, kwa maana yake, kwamba kosa likitendeka, aliyekuwepo akalichukia ni kama asiyekuwepo, na asiyekuwepo akaliridhia ni kama aliyekuwepo. Kwa mizani hiyo umbali wa runinga hautuokoi wala hautuhukumu. Kinachohesabiwa ni ridhaa. Nami sijui njia ya kuipima ridhaa ya mtu ila moja: je, anaweza kulitaja lililotendeka akiwa kati ya watu wake wanaoshangilia? Barazani nilipotaja habari za yule mlinzi wa Lusail, rafiki yangu mmoja aliniambia nisiwape wazungu fimbo ya kutupigia.

Namwelewa. Wazungu hawa ndio waliowatungia babu zetu Kenya sheria ya kipande. Mwanamume Mwafrika alitembea na karatasi ndani ya kikebe cha chuma shingoni, na hakuweza kumwacha mwajiri mpaka atiwe saini. Atakayesoma sheria za kafala, ule mfumo wa Ghuba wa kumfunga mfanyakazi kwa mwajiri wake, ataitambua saini ile. Lakini hapo hasa ndipo hoja ya rafiki yangu inapovunjika: sisi tunaijua dhulma hii kwa ngozi zetu, basi tunangojaje Mzungu atutangulie kuisema? Aya ya 135 ya sura An-Nisaa inawataka waumini wasimame na uadilifu na kutoa ushahidi hata kama ni juu ya nafsi zao, wazazi wao au jamaa zao. Mmoja wa waliotoa ushahidi huo mapema alikuwa mlinzi wa Kikenya, Malcolm Bidali, aliyeandika kwa jina la kubuni juu ya maisha ya wafanyakazi Qatar. Alikamatwa Mei 2021, akawekwa peke yake karibu mwezi mzima, akatozwa faini ya riyali 25,000. Sikusikia hotuba ya Ijumaa iliyomtaja.

Na ushahidi juu ya nafsi zetu unafika jikoni. Katika nyumba za mji huu, nyumba za watu wanaofunga Jumatatu na Alhamisi, kuna wasichana wa kazi wanaoamka kabla ya adhana na kulala wa mwisho, na mshahara wao hukatwa sahani ikivunjika. Mtume ametuhadharisha kwamba Mungu mwenyewe atakuwa mshitaki wa anayemtumikisha mtu, kazi ikakamilika, kisha asimpe ujira. Hapo Qatar haikutengwa, wala Mombasa.

Desemba 2024 FIFA iliipa Saudi Arabia mashindano ya 2034. Mpwa wangu amemaliza mkataba na kurudi, na bangili za mama yake hazijarudi. Majuzi alikuja kuniuliza, maana mawakala wameanza kutangaza nafasi za Riyadh. Sikumkataza, kwa kuwa sina kazi ya kumpa hapa. Nilimwambia asilipe ada kwa mtu asiyetoa risiti, mkataba ausome kwa lugha anayoielewa kabla ya kupanda ndege, nakala ya pasi ibaki kwa mama yake, na jina la kampuni na mahali anapolala aniandikie mimi. Ameniandikia. Jumatatu tutakwenda pamoja ofisi ya kazi kuuliza kama wakala huyo ana leseni.