Mwaminini Anayesema Hapumui

Mwanamke yule wa Injili ya Marko alitokwa damu miaka 12. Alizunguka kwa matabibu mpaka mali ikamwishia, na hali ikazidi kuharibika. Yesu alisimama katikati ya msongamano, safari ya dharura ikingoja, akatulia mpaka mama yule alipoeleza habari yake yote.

Wapendwa, mbona sisi hatusimami? Yupo dada kati yetu anayeamka vizuri, lakini ikifika jioni kope zinaanguka, sauti inatokea puani, kutafuna ugali kunamchosha, na akilala chali pumzi inakuwa ya taabu. Picha ya kifua ni safi. Makohozi hayana TB. Kifaa cha kidoleni cha kupima oksijeni kinasoma asilimia 97. Basi tunamwambia ni mawazo. Wengine, Mungu atusamehe, tunanong'ona kwamba amerogwa.

Mapafu yake ni mazima! Inayochoka ni misuli ya kuyavutia hewa. Kinga aliyoiweka Muumba ipigane na vijidudu imemgeukia mwenye mwili: kingamwili zinaziba pale neva inapoipa misuli amri. Ugonjwa huo ni mayastenia gravisi, na kifaa cha kidoleni chaweza kusoma vizuri mpaka misuli ikaribie kushindwa kabisa. Mwambieni avute pumzi moja, ahesabu kwa sauti. Akikwama kabla ya 15, msingoje maombi ya Jumatano. Mkimbizeni hospitali!

Sikieni jambo hili. Mwaka 1934, katika hospitali ya St Alfege's, Greenwich, daktari Mary Walker alimdunga mgonjwa wa namna hii dawa ya fisostigmini, na kope lililoanguka likainuka kwa saa kadhaa. Dawa hiyo ilitoka wapi? Katika maharage ya Calabar, hapa hapa Afrika, upande wa magharibi: sumu waliyonyweshwa watu walioshtakiwa uchawi. Piridostigmini wanayomeza wagonjwa leo ni ya ukoo huohuo. Na sisi bado tunatafuta mchawi!

Wala si mayastenia peke yake. Lupasi, inayowapata zaidi wanawake, huwasha moto kwenye utando wa mapafu, kila pumzi ndefu ikachoma kama kisu. Baridi yabisi yaweza kuacha makovu mapafuni. Kwa hiyo anayekosa hewa aulizwe pia habari za viungo, vipele, macho na uchovu wake, na asirudishwe nyumbani na dawa ya pumu isiyomsaidia.

Mwenye mayastenia amtajie kila daktari ugonjwa wake kabla ya kuandikiwa antibayotiki, maana baadhi, siprofloksasini na jentamisini zikiwemo, huzidi kuilegeza misuli.

Ombeni, ndiyo, ombeni kwa machozi! Lakini dada yetu ana miadi kesho saa mbili asubuhi, na ngazi za kliniki hawezi kuzipanda peke yake. Nani anakwenda naye?