NANI ALIMFUNGIA MARIAMU MLANGO?



Krismasi iliyopita mimi, mke wangu na watoto wetu watatu tulikwenda kutazama igizo la kuzaliwa kwa Yesu, uwanjani kwa kanisa moja hapa hapa Sokon I. Lilikuwa na wanyama hai: mbuzi wanne, ndama, na punda aliyeazimwa kwa mchota maji. Punda akagoma kuingia, watu wakacheka sana. Sisi wa Arusha punda si ajabu, tunapishana naye kila siku amebeba madumu.

Lakini watu walichemka alipotokea mwenye nyumba ya wageni. Kijana mmoja kavaa koti kubwa, akafoka, "Hakuna nafasi! Ondokeni!" Uwanja mzima ukamzomea. Mimi nami nilizomea, tena kwa sauti. Binti yangu wa miaka saba akanivuta shati: "Baba, huyo mtu mbaya anaitwa nani?"

Nikamwambia nitamtafutia jina nyumbani. Ndugu yangu, nilitafuta mpaka saa sita usiku, sikumwona! Fungua Biblia yako, Luka 2:7. Hakuna aliyesema "ondokeni". Luka anasema nafasi haikupatikana, basi. Hata punda hayumo. (Fransisko wa Asizi, aliyeandaa Krismasi ya namna hii kule Greccio, Italia, mwaka 1223, aliweka hori, nyasi kavu, ng'ombe na punda ili watu waone kwa macho dhiki ya yule mtoto. Mkatoliki, ndiyo, lakini nia yake naielewa.)

Wala si kwamba Luka hajui kuandika habari za mwenye nyumba ya wageni. Msamaria alimpa mmoja dinari mbili (Luka 10:35). Ila wanaosoma Kigiriki wanasema neno la pale si hili la Bethlehemu. Neno la Bethlehemu, kataluma, Luka analitumia tena kwa chumba ambacho Yesu alikula Pasaka na wanafunzi wake (Luka 22:11), yaani chumba cha wageni nyumbani kwa mtu. Tena Yusufu alikwenda mji wa ukoo wake (2:4). Kwa hiyo wako wanaoamini alifikia kwa ndugu! Chumba kimeshajaa, mama mjamzito akawekwa upande wa mifugo. Wazee wa Kichagga waliolala nyumba moja na ng'ombe wangeelewa mara moja.

Unaliona hilo? Hakuna mlango uliobamizwa. Kila mmoja mle ndani angeweza kuapa kwamba hakumfukuza mtu, na mtoto akalazwa horini.

Je, ubaya unaweza kutendeka bila mtendaji? Swali hili lilininyima usingizi, na nitakuambia kwa nini. Mwezi wa kumi, binti aliyekuwa akitusaidia kazi za nyumbani alikuwa na mimba ya miezi saba. Hatukumfukuza, jamani! Mke wangu alisema tu kwamba Krismasi mama yake na wadogo zake watakuja kutoka Moshi, chumba kitahitajika. Mimi nikasema kwao Singida atatunzwa vizuri zaidi. Yeye mwenyewe akajibu, "Sawa, baba." Nikampa nauli na mshahara wa mwezi, tukaomba pamoja, akapanda basi. Hapo nani alisema "ondoka"?

Utaniambia, chumba kikijaa kimejaa. Kweli. Lakini stoo yetu ina magunia sita ya mahindi, na gunia linahamishika. Nyumba haijai yenyewe. Yupo anayeamua nani apewe kitanda na nani apewe nauli, hata kama anaamua kwa upole na kwa maombi. Yule wa koti kubwa angalau alizomewa. Sisi majirani walituambia, "Mungu awabariki kwa kumsaidia."

Asubuhi ya tarehe 26 nilimweleza mke wangu. Hakusema kitu, akachukua simu. Ikapokelewa na mama wa yule binti. Amejifungua salama tarehe 19, mtoto wa kiume. Kisha yule mama akauliza, kwa heshima kabisa, kama tumepiga kwa sababu kuna kitu chetu binti yake aliondoka nacho.